Maboga Yaliyokomaa Ndani ya Mashine

Kaka yangu alikuwa fundi wa feni kabla hajawa mlinzi wa dunia. Nasema hivyo kumtania, na hata yeye hakatai. Alianza na feni, akaja kwenye pasi na redio, kisha simu, hadi mtaa mzima ukamwita Fundi. Siku hizi hata mimi niliyezaliwa naye tumbo moja nikimwita jina alilopewa na wazazi, hageuki. Kibanda chake cha kazi kiko barabarani, mkabala na kinyozi. Nyumbani tunakaa pamoja: yeye na mkewe upande mmoja, mimi upande wa pili na mafurushi yangu, maana kazi yangu ni kufua na kunyoosha nguo za watu. Katikati yetu kuna chumba cha nyuma, na humo ndimo inamokaa mashine.

Ukiiona utaidharau. Ni boksi jeusi lililowekwa juu ya meza ya chuma lisipate unyevu wa sakafuni, na linavuma kutwa kucha. Lina taa mbili, nyekundu ya umeme na ya kijani inayopepesa habari zinapoingia na kutoka. Wenyewe huiita seva. Kazi yake ni moja tu, kubeba dunia ya mchezo, ili watu walioko majumbani kwao, kila mmoja na kompyuta yake, wakutane humo wajenge nyumba, walime, wafuge, na wagombanie mipaka kama watu wenye akili timamu.

Aliyetuletea haya yote ni binti yake Fundi, mtoto wao wa pekee, tuliyemwita Kipusa. Wakati huo alikuwa sekondari. Alikuwa akicheza kwenye kompyuta yake ndogo, na wenzake wakijiunga kupitia hiyo hiyo, basi kila kitu kinakwama. Ng'ombe anatembea, anasimama, mara anajikuta amerudi alikotoka. Kipusa alilalamika wakati wa kula, na baba yake akamjibu bila kuinua kichwa.

"Umemwambia mtu mmoja apike, apakue, na ale kwa wakati mmoja. Huyo lazima aunguze. Mtafutie mpishi asiyekula."

Mpishi asiyekula ndiye huyo seva. Fundi alijifunza kumtengeneza kama anavyojifunza kila kitu, kwa kufungua na kukosea. Kwanza alinunua mashine iliyotupwa na ofisi fulani, ndani yake mna wafanyakazi wengi wa kupiga hesabu, akaja kifua mbele. Ng'ombe wakaendelea kukwama. Alihangaika nayo mpaka akatambua kwamba mchezo ule haugawi kazi: karibu hesabu zote za dunia hupita foleni moja, kwa mfanyakazi mmoja, kwa hiyo afadhali mmoja mwenye mbio kuliko kumi wanaokokota miguu. Akabadilisha. Kisha akaongeza kumbukumbu, kwa sababu kila alipo mchezaji, pale mahali lazima pakae kichwani mwa mashine, na watu wakitawanyika kichwa kinajaa. Akaondoa diski ya kuzunguka, akaweka ile isiyo na kitu kinachozunguka.

Ikabaki intaneti. Alilipia laini ya kasi kubwa, tukafurahi wote, na jioni ile ile kinyozi, ambaye naye alikuwa mchezaji, akapiga simu kulalamika kwamba ameanguka mtoni kabla hajaona mto. Kumbe kasi aliyolipia ilikuwa ya kushusha, na seva si mlaji, ni mgawaji. Inachohitaji ni kasi ya kupandisha, kidogo kwa kila mtu lakini isiyoyumba. Akabadilisha mpango, akavuta waya kutoka dirishani hadi mezani, maana mawasiliano ya hewani, alisema, ni kumtuma mtoto dukani kupitia uwanja wa mpira. Mwisho akaiwekea betri ya akiba, umeme ukikatika mashine ipate nafasi ya kujizima kwa heshima.

Mimi sikucheza. Nilijaribu mara moja tu, nikiwa nimebembelezwa na Kipusa mpaka nikaona haya. Nikatembea, nikafika kwenye nyumba yake aliyoijenga juu ya kilima, nikagonga mlango kwa uso. Nikarudi nyuma, nikagonga tena. Kipusa alicheka mpaka akashika tumbo.

"Shangazi, mlango wa humu haujifungui! Mpaka ubonyeze!"

"Nibonyeze wapi?"

"Basi, nakufungulia mimi." Akatokea kwenye skrini na gauni lake la njano, akanifungulia, nikaingia kama mgeni wa heshima.

Siku ile ndiyo aliyonieleza jambo ambalo sijalisahau. Tulikuwa tumesimama kwenye kibustani chake, akasema tukiondoka hapa, panalala. Mahali asipokuwapo mtu seva haipashughulikii, haina haja. Mche haukui, maji hayasogei, kuku aliyeinua mguu anabaki na mguu juu mpaka mtu arudi. Nilimwambia huo ni uchawi. Akasema hapana, shangazi, ni kubana matumizi.

Kisha homa ikamchukua. Sitaki kuieleza. Jumamosi alikuwa amekaa pale anapanda mbegu za maboga kwenye kile kibustani, Jumapili akasema kichwa kinamuuma, na kabla wiki haijaisha tulikuwa tunapokea watu uani. Nilimpenda kama wangu, na mpaka leo nikikuta soksi ndogo kwenye furushi la mteja nalazimika kukaa chini kwanza.

Baada ya hapo Fundi aliingia kwenye mchezo mara moja. Akaizungushia nyumba ya Kipusa uzio, akawatangazia wachezaji wote kwamba pale hapakanyagwi. Watu wakaheshimu, kwa kuwa mtu hapiti juu ya kaburi la mwenzake. Na yeye mwenyewe hakurudi. Aliweza kukaa mbele ya mashine saa nzima, akaipangusa vumbi, akabadilisha feni, lakini kilimani hakwenda. Aliniambia hivi: picha za mwanangu tulipiga sisi, nguo zake tulinunua sisi, lakini ile nyumba aliijenga kwa mikono yake, tofali moja moja, na haipo mahali pengine popote. Nilielewa kwamba siku boksi lile likifa, atamzika mtoto mara ya pili.

Wifi yangu ndiye aliyetaka liuawe. Mama Kipusa ni mpole kama maji ya mtungini, lakini juu ya jambo hili alikuwa hasikii la mwadhini wala la mteka maji.

"Lizime, baba Kipusa. Linakula umeme, linanipigia kelele kichwani. Lizime tupumzike."

"Siwezi."

"Basi mpe mtu akae nalo kwake."

"Siwezi, mama Kipusa."

Na kila siku Fundi akishakwenda kibandani, wifi naye, akimaliza kazi zake za asubuhi, alikwenda kujilaza chumba alichokuwa akilala binti yake, akafunga mlango. Sikumsumbua. Kila mtu ana pa kulilia.

Sasa nieleze yaliyonitoa jasho. Mchana mmoja nilikuwa ninanyoosha mashati, nyumba kimya, jua limekaa juu ya bati. Mashine huwa inavuma kwa sauti moja, nimeizoea kama mtu anavyozoea mkoromo wa mumewe. Ghafla ikavuta pumzi. Feni yake ikapanda, kama inavyopanda jioni watu wakianza kuingia. Nikachungulia chumba cha nyuma. Taa ya kijani ilikuwa inapepesa, inapepesa, na saa ile wachezaji wote ninaowajua wako makazini au shuleni. Nikajisemea ni mambo ya mitambo, nikarudi kwenye shati. Ilipokaribia saa ya chai taa ikatulia. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na kesho kutwa. Nikaacha kuchungulia. Nilianza kupiga pasi nikiwa nimeupa mgongo ukuta mwingine, nisikipe mgongo chumba kile.

Kisha akaja kinyozi. Alikuja mwenyewe hadi nyumbani, na mashine ya kunyolea bado iko mkononi, akamwita Fundi uani.

"Fundi, usinielewe vibaya. Sikukanyaga kule. Nilifunga duka mapema, nikaingia mchezoni, nilikuwa ng'ambo ya mto, mbali, juu ya mlima, nikatazama tu upande ule."

"Ukaona nini?"

"Maboga yamekomaa."

Mimi nilikuwa naanika shuka, nikaiacha nusu kambani. Kila mtu pale uani alijua sheria: mche haukui asipokuwapo mtu karibu. Maboga yale yaliachwa mbegu.

"Na kuna mtu," kinyozi akaendelea, sauti imeshuka. "Gauni la njano. Amesimama bustanini, ameelekea mlangoni, hatikisiki. Kisha mlango ukafunguka, akaingia."

Fundi alimfukuza. Kaka yangu, mtu asiyemfukuza hata kuku wa jirani, alimwita mwongo na mchawi, akamwambia asirudi tena, wala mchezoni asiingie. Kinyozi aliondoka amenywea.

Nilimwambia Fundi, mashine si huandika kila anayeingia na anayetoka? Soma. Hilo nalijua hata mimi.

"Sisomi," akasema.

"Kwa nini?"

"Nikisoma nikakuta hakuna mtu, nitafanyaje? Na nikikuta yupo?" Macho yake yalikuwa mekundu. Nikaona aibu kwa kuuliza.

Basi mambo yangebaki hapo, kila mmoja na hofu yake, kama si diski kujaa. Dunia ile haina mwisho. Kila mchezaji akitembea kwenda asikowahi kufika mtu, mashine inaumba milima mipya na kuihifadhi. Watoto wa shule walikuwa wanakimbia tu, wanaumba ardhi na kuiacha. Nafasi ikawa inakwisha. Fundi akataka kuchukua nakala ya dunia nzima kwenye diski ya pembeni kabla ya lolote, lakini nakala mpya haikuenea pamoja na ya zamani, akaifuta ya zamani. Mpya ilipofika katikati umeme ukakatika, na ile betri ya akiba, aliyokuwa akisema ataibadilisha, haikubeba hata dakika. Nakala ikaharibika. Dunia yenyewe ikapona, lakini sasa ilikuwa moja tu, kwenye diski iliyojaa hadi kooni, na mashine ilishaanza kulalamika kwamba haina pa kuandika.

Dawa yake ni programu ya kupogoa. Unaiambia: popote pasipokanyagwa na mtu kwa miezi sita, kata. Milima inayokatwa si hasara, mtu akirudi mashine itaiumba tena vile vile, majani yale yale, mto ule ule. Kinachopotea ni alichojenga mtu. Fundi aliwauliza wachezaji wote, wakakubali, wakaenda kutembelea nyumba zao zihesabiwe. Jumapili asubuhi akawafungia mlango wa mchezo, akawasha programu, akaniita nimletee kiti. Akaanza kueleza kwa furaha ya fundi, nami nikasikiliza nikiwa nakunja fulana.

"Ukishaianza haikatizwi," alisema. "Ukiikata njiani unaua dunia nzima."

"Na inajuaje pasipo na mtu?"

"Inatazama mara ya mwisho kukanyagwa."

Niliuliza tu, kama mtu anavyouliza bei ya kitu asichonunua. "Na kwa Kipusa palikanyagwa mara ya mwisho lini?"

Sijapata kuona uso ukiishiwa damu namna ile. Fundi alifungua mdomo, akaushika kwa mkono. Alikuwa na nafasi ya kuiambia programu mahali pa kuacha. Kuna mstari wa kuandika hivyo, alinionyesha baadaye. Hakuandika kitu. Si kwamba alimsahau mwanawe. Ni kwamba kichwani mwake pale hapakuwa mahali patupu. Katika dunia ile yote, pale ndipo palipokuwa na mtu kuliko popote. Alikuwa amewazuia watu wasipakanyage, akajizuia na mwenyewe, mwaka na zaidi, akaona ni heshima, na mashine haijui heshima. Kwake pale palikuwa pori.

"Ng'oa waya," nilisema.

"Nikiung'oa itakwenda yote."

Tukakaa. Kimstari cha kijani kinachoonyesha kazi imefika wapi kikawa kinatambaa kwenye skrini, na kila kilipotambaa Fundi alisogea mbele kidogo kwenye kiti. Kisha akasema neno lililonisimamisha nywele.

"Kinyozi aliona maboga."

"Ulimwita mwongo."

"Nilimwita mwongo." Akafuta uso. "Mungu wangu, asiwe mwongo. Kama yupo anayepakanyaga, yeyote yule, nyumba ipo. Dada, omba awe yupo."

Sikujua naomba nini, lakini niliomba. Niliomba mtoto aliyekufa awe ametembea kwenye bustani yake mchana, na sikuona ajabu kuomba hivyo.

Programu ilipomaliza Fundi alishindwa kushika kipanya. Nilimshikia mkono kama anayefundishwa kuandika. Tukaingia mchezoni. Njia ya kwenda kilimani ilikuwa imekuwa mpya, majani hayana alama ya mguu, vibanda vilivyotelekezwa na wale watoto havipo, daraja halipo. Tukavuka mto kwa kuogelea. Kimya cha huko sijui nikieleze vipi. Hata upepo wa mchezo ulikuwa umekatika. Tukapanda, hakuna kitu. Tukapanda tena.

Uzio ukatokea. Nyuma yake nyumba ya Kipusa, taa inawaka dirishani, na kibustani kimejaa maboga makubwa mekundu yaliyobanana mpaka ukutani. Mlango umefungwa. Fundi alilia kwa sauti, kilio cha mtu mzima kinachotisha kuliko cha mtoto, na nikalia naye.

"Ipo?"

Tuligeuka. Wifi alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, mikono ina povu la sabuni.

"Ipo, mama Kipusa. Sijui kwa nini, lakini ipo."

Wifi alikaa juu ya furushi langu la nguo. Akawa anatazama povu likipasuka mikononi.

"Ni mimi," akasema.

Akaeleza bila kututazama. Fundi akienda kibandani, yeye hujifungia chumbani kwa mwanawe na kufungua ile kompyuta ndogo. Kipusa aliwahi kumwonyesha pa kubonyeza ili kuingia, basi siku moja akabonyeza, akajikuta amesimama kwenye mbegu za maboga, pale pale mtoto alipoishia, amevaa gauni la njano.

"Ndiyo maana nilikwambia uzime," alimwambia mumewe. "Mimi mwenyewe nimeshindwa kuacha."

Fundi alishuka kitini akakaa sakafuni karibu yake. Nami, nakiri, moyo ulirudi mahali pake. Gauni la njano, taa ya kijani, feni iliyokuwa ikivuta pumzi mchana: yote yalikuwa wifi yangu na huzuni yake. Nikaanza hata kujicheka. Nikawaza kesho niende kwa kinyozi nimwombe radhi kwa niaba ya kaka.

"Na ukifika unafanya nini humo?" Fundi akauliza taratibu.

"Nakaa tu. Najua vitu viwili, kwenda mbele na kurudi nyuma. Naenda mbele mpaka ndani, natazama vitanda alivyopanga. Ikifika saa ya chai narudi kinyumenyume mpaka kwenye maboga, naaga, nafunga kompyuta."

Hapo mdomo wangu ukaniponyoka, kama kawaida yake.

"Na mlango unaufunguaje, wifi?"

"Mlango?"

"Wa nyumba. Unabonyeza wapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa maji ya mvua yanatoka wapi. "Sibonyezi popote. Nikikaribia unafunguka. Nikishatoka unajifunga. Kwani milango ya humo si ndivyo ilivyo?"

Mashine ilikuwa inavuma. Fundi alinitazama, nikamtazama. Kwenye skrini nyuma yake mlango wa Kipusa ulikuwa bado umefungwa, na mbele yake alisimama mtu wa Fundi, amegusa mbao kwa uso, kama nilivyosimama mimi siku ile.

"Ndivyo ilivyo, mama Kipusa," kaka yangu akasema. "Ndivyo ilivyo."

Nami, ambaye mtaa mzima unajua sijawahi kunyamaza penye neno la kusema, niliokota fulana iliyoanguka, nikarudi kwenye pasi yangu.